Mpunga Uliofundishwa Kuogelea

2 Novemba 1997

Daftari hili nimepewa leo na mpwa wangu Agnella, mwalimu wa sekondari hapa Ifakara, tulipotoka kwenye misa ya Marehemu Wote. Kasema, "Mjomba, hayo majaribio yako ya mpunga yaandike, maana ukiyasimulia kwa mdomo yanakua kila siku." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Haya, naandika.

Mimi ni Nikodemu. Shule niliachia darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa hana tena la kunifundisha. Niliwahi kuvusha harusi nzima mto Kilombero kwa mtumbwi mmoja, pamoja na ngoma na mbuzi wa mahari, na hata kilemba cha mama wa bwana harusi hakikulowa. Wapo walioona. Wengi wao wameshafariki.

Baada ya misa tulikwenda kaburini kwa shemeji yangu marehemu Evaristo, mume wa dada yangu Balbina, mama yake Agnella. Hapo mdogo wa marehemu, Antoni, akasema mbele ya wazee wa ukoo wao kwamba lile shamba la bondeni, chini ya Kivukoni, si la dada. Ni la ukoo. Dada anaachiwa msimu mmoja. Akivuna, atalilima mpaka siku zake ziishe. Asipovuna, linarudi kwa Antoni. Alisema hayo mikono ameiweka nyuma kama padri. Na dada hana shamba jingine.

Nikasimama. Nikasema, "Antoni, msimu huu dada yangu atavuna mpaka wewe uje kuomba kazi ya kubeba magunia. Mbegu natoa mimi." Wazee wakanong'onezana. Antoni akatabasamu tu. Tabasamu lile silipendi.

9 Novemba

Mvua imewahi. Redioni wanaiita Elinino. Jina la mchezaji wa Brazili, lakini matope ni yetu.

16 Novemba

Niandike habari ya mbegu, ili vizazi vijue.

Nilipofyatua matofali ya nyumba yangu lilibaki shimo nyuma ya jiko. Mwaka juzi nilipanda mle Shingo ya Mwali, mpunga mweupe unaopendwa na wanunuzi wa sokoni. Ulipofika magotini nikaanza kuutilia maji kwa ndoo, leo kidogo, kesho kidogo. Mwanzo ulizubaa. Halafu ukaelewa. Ukanyoosha shingo kuyakimbia maji, nayo maji yakiufuata, mpaka ukanipita mimi kimo, na mimi si mfupi. (Agnella anasema ulinifika kifuani. Alikuwa chuoni, aliuonea wapi?) Shina lolote lenye maganda mekundu, au bua nene kama muwa, nililing'oa. Sipendi uhuni shambani.

Mbegu ya mashina yale niliipanda mwaka jana kwenye shamba langu la juu, upande wa Kibaoni, izaliane. Mafuriko hayakuja, kwa hiyo haikufanya mtihani, lakini msomi hana haja ya mtihani kila siku. Sasa magunia yako darini. Huo si mpunga wa kawaida. Ni mpunga uliofundishwa kuogelea.

23 Novemba

Leo nimegundua kwamba mimi na Mfaransa mmoja tuna akili moja.

Nilimkuta Agnella uani kwa mama yake anasahihisha madaftari ya kidato cha nne. Akainua kichwa. "Shikamoo mjomba. Lile shimo lako nimelisoma kitabuni."

"Marahaba. Wameniandika?"

"Wamemwandika Mfaransa, Lamarck, karibu miaka mia mbili iliyopita. Alisema kiungo kinachotumika sana kinakua, kisichotumika kinasinyaa, na mabadiliko hayo wanayarithi watoto. Twiga alinyoosha shingo kufuata majani ya juu. Mtoto wake akazaliwa na shingo ndefu kidogo, naye akanyoosha yake."

"Mtu wa maana huyo. Mimi mwenyewe nimemwona twiga Mikumi amesimama kwa miguu miwili, kama mpishi anayetafuta chumvi darini."

Dada alikuwa anapepeta mchele. "Niko, twiga hasimami kwa miguu miwili."

"Ilikuwa Mikumi ya zamani, dada."

Agnella akasubiri tumalize. Akasema baadaye alikuja Mwingereza, Darwin, akasema tulitazame kundi zima. Hakuna twiga wawili walio sawa. Wamo wa shingo fupi na wa shingo ndefu, na wamezaliwa hivyo. Majani ya chini yakiisha, wafupi wanakufa njaa, wanaobaki ndio wanaozaa. Kundi likawa la shingo ndefu kwa sababu wafupi wameondoka, si kwa sababu kuna aliyejinyoosha.

"Hao wafupi walikufa hata kama walijitahidi?"

"Hata kama walijitahidi, mjomba."

Nikamwambia huyo hakuwa na dini.

Dada akauliza, "Mama yetu alinitoboa masikio. Bibi alimtoboa mama. Mbona huyu Agnella alizaliwa hana tundu, nikahangaika na sindano na uzi, analia mtaa mzima unasikia?"

Agnella akapiga makofi. "Mama amemjibu Mfaransa!"

"Sikio halijitahidi," nikasema. "Sikio linakaa tu. Mpunga unajitahidi. Na huyo Mwingereza wako alijua hizo tofauti zinatoka wapi?"

Akakiri kwamba hakujua, wala hakujua zinarithiwaje. Hata yeye mwenyewe, akasema, mahali pengine aliegemea kwa Mfaransa. Aliyepata njia ni mtawa mmoja, alikuwa anapanda njegere kwenye bustani ya monasteri, akihesabu zipi zimetoka ndefu na zipi fupi.

"Mtawa Mkatoliki?" dada akauliza.

"Mkatoliki kabisa."

"Basi tumsikilize huyo."

Ndipo Agnella akaharibu mazungumzo. Akamwambia mama yake asitie shamba zima mbegu yangu. Achanganye na mbegu ya bibi. Hiyo ni mbegu ya mama yetu, aliyokuja nayo kutoka Malinyi alipoolewa, imo kwenye kihenge cha dada mpaka leo: mweupe, mwekundu, wa ndevu, wa mapema, wa kuchelewa, wote kapu moja. Sokoni wakiiona wanageuza uso.

"Hiyo ni soko la mnada, si mbegu," nikasema.

"Ndiyo uzuri wake. Maji hayafundishi, mjomba. Maji yanachagua. Ukiwa na mchanganyiko, yana cha kuchagua."

Nilipoondoka nilimsikia anamrudia mama yake polepole, achanganye.

30 Novemba

Mvua.

7 Desemba

Mvua. Mto Lumemo umejaa mpaka watoto wa shule wamerudishwa nyumbani. Antoni nimemkuta kilabuni, akaniuliza kama mpunga wangu umeshafika darasa la saba. Nikamjibu uko kidato cha nne.

25 Desemba

Tumekula Krismasi kwa mbegu ya mama.

Nieleze. Juzi dada alisimama mbele ya kihenge, mkono juu ya mfuniko. Nilimwambia mbegu mbili shamba moja zinaharibiana. Mpunga uliosoma ukikaa na usiosoma unasahau. Tena huu wa mama ukibaki utaingiza mashina mekundu, wanunuzi watatukimbia, na Antoni atapata la kusema. Safisha kihenge, dada, uanze upya.

"Una hakika, Niko?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Halafu akasema, "Wewe ndiye mwanamume niliyebaki naye," akafungua mfuniko. Tuliupeleka wote mashineni. Ila jirani yake shambani, Kelestini, alitukuta njiani ana perege wabichi, akaomba abadilishe na debe moja kabla haujakobolewa. Kelestini analima kama anavyovaa, kiraka juu ya kiraka. Nikamwambia, "Chukua, kalishe kuku."

Wali ulitoka wa madoadoa, mgumu kidogo, mtamu. Nilisimulia habari ya mamba niliyemnasa kwa ndoana ya kambale, na dada alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Agnella alichambua punje moja nyekundu, akaiweka ukingoni mwa sahani, akaitazama. Nilidhani anaringa.

11 Januari 1998

Ugomvi.

Tulikuwa tunapakia mbegu kwenye baiskeli kwenda bondeni kupanda, Agnella akatokea na ndoo mbili. Anataka nipande yangu ndoo moja, na ndoo nyingine Shingo ya Mwali ya kununua ambayo haijaona shimo. Zikimea azizamishe pamoja.

"Yako ikinyooka kuliko hiyo nyingine," akasema, "nitasimama darasani niwaambie wanafunzi Mwingereza alikosea, na jina lako nitalitaja."

"Mimi nimepima kwa shimo, wewe unanipima kwa ndoo?"

"Shimoni ulipanda aina moja tu, mjomba. Hukuweka ya kulinganisha. Ulichoona ni kwamba mpunga ukizamishwa unarefuka kidogo. Wowote ungerefuka. Hujui kama mtoto wake amerithi."

Kumbe mtoto niliyembeba mgongoni homa ilipomshika, nikamvusha Lumemo maji ya shingo, leo ananiambia sijui. Nikamwambia mtu aliyevusha harusi nzima hapimwi kwa ndoo.

Akazishusha. Akasema, "Basi usinifanyie mimi. Mfanyie mama. Wiki chache tu. Muda wa kupanda upo."

Nikamwambia akasahihishe madaftari.

Dada alikuwa ameshika usukani wa baiskeli, anatutazama kwa zamu. Nilianza kusukuma. Akanifuata. Tumelipanda shamba lote.

25 Januari

Umeota. Umesimama sawasawa kama askari. Hakuna hata mmoja mwekundu.

8 Februari

Palizi. Shamba la Kelestini ni aibu: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja amelala. Debe la mama amelimwagia upande wa chini, na sehemu nyingine mabaki ya mbegu yoyote aliyookota. Nikamwita kutoka kwenye tuta, "Kelestini, hilo shamba au kichwa cha mtu aliyenyolewa na mlevi?" Akanijibu, "Kaka, mimi nalima ninachokipata." Hata kutukanwa hajui.

1 Machi

Maji magotini shambani, mpunga umepandisha. Nilimwita dada aone. Alipita katikati, akausukuma kwa viganja pande mbili kama mtu anayefungua pazia. Akasema, "Niko, kweli unapanda." Hata Agnella aliyekuja na chakula hakuwa na la kusema. Nilimtazama tu. Nilifurahi zaidi kumwona amenyamaza kuliko kuuona mpunga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

8 Machi

Mvua. Dada amehamia dunguni, kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kuamia ndege. Ndege wenyewe hawapo. Wameshaona jambo.

15 Machi

Mvua upande wa milima ya Udzungwa mfululizo. Mto unapanda.

22 Machi

Naandika dunguni. Hakuna pa kukaa pengine.

Mto umetoka. Haukuja kwa kishindo kama ninavyopenda kusimulia. Ulikuja taratibu, bila sauti, kama mtu anayesogeza kiti. Asubuhi ya Alhamisi maji yalikuwa kiunoni. Mpunga ulionyesha majani, nikamwambia dada, "Tazama, unanyoosha." Na kweli ulikuwa unanyoosha. Jioni zilibaki ncha. Asubuhi ya Ijumaa nikashuka ndani ya maji, nikatafuta kwa mikono. Nilishika ncha za majani chini ya maji, laini kama nywele za mtoto.

Nikaanza kuziita. Sijui nilikuwa na akili gani. Nilisema, "Nyoosha. Nyoosheni shingo. Shimoni mliweza." Nilisema kwa sauti kubwa, na Kelestini alikuwa anapita na mtumbwi, akasikia. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Dada alikaa mlangoni pa dungu, miguu inaning'inia. Nikamwambia zitatoka, hizi zimesoma, zinavuta pumzi tu. Nikamwambia hata shimoni kuna siku zilizama kabisa. Hiyo haikuwa kweli. Shimoni nilikuwa naongeza ndoo kila nilipoona zimetangulia. Mto haungoji mpunga utangulie.

Jumamosi nilimwambia kesho. Leo Jumapili nimemwambia kesho.

Akaniuliza jambo ambalo nimelibeba mchana kutwa. Hakuuliza kwa hasira. "Niko, ulikuwa unaniambia unachokijua, au unachokipenda?"

Nikamwambia ashuke mtumbwini, kibanda kinacheza.

29 Machi

Maji hayajashuka. Bonde lote ni ziwa. Wanasema na Malinyi ni hivyo hivyo. Shamba langu la juu, la Kibaoni, limelowa tu. Nitavuna. Watu wananipa pole, na mimi sina msiba.

12 Aprili

Pasaka. Maji yameshuka, harufu imepanda. Shamba la dada limelala lote upande mmoja, rangi ya chai. Nilitembea mwanzo mpaka mwisho kutafuta shina moja lililosimama. Sikulipata. Yalikuwa sawa yalipoota na yamekufa sawa.

Kule kwa Kelestini sehemu kubwa imeoza vilevile. Lakini upande wa chini, palipo na debe la mama, yamesimama mashina. Si mengi. Hapa moja, pale matatu, kama ndevu za mzee. Mabua manene, marefu, na suke likianza kuchanua lina wekundu. Yale yale niliyoyang'oa shimoni kwa mikono yangu.

Agnella alikuwa amesimama pale kwenye tuta. Nilijua atasema. Nilitaka aseme nimpige kofi, na mimi sijawahi kumpiga. Hakusema. Nikamwanza mwenyewe.

"Furahi basi. Mwingereza wako ameshinda."

"Mjomba, hilo ni shamba la mama."

"Useme. Maji hayafundishi, yanachagua. Si ndiyo?"

"Yanachagua kama kuna cha kuchagua," akasema. "Kama wote wako sawa, yanachukua wote."

Akageuka akaenda zake, anashika sketi isiguse matope. Alikuwa analia. Mimi nilibaki natazama yale mekundu.

19 Aprili

Nimewafikiria hao wazungu wawili wiki nzima.

Mfaransa nampenda bado. Anamwambia kila kiumbe, jitahidi, jinyooshe, na jasho lako halitapotea, mtoto wako ataanzia ulipoishia. Mtu wa namna yangu, aliyeondolewa shule baba alipougua, akajifunza kusoma magazeti kwa kubahatisha, anataka nini kingine? Nilidhani hivyo ndivyo dunia ilivyo. Baba yangu alipiga kasia mpaka akafa, nikaamini mikono yangu imetoka kwake.

Mwingereza hamwahidi mtu. Anasema ulizaliwa na bua lako. Maji yakija yatajua bua gani. Na wewe uliyejitahidi na yeye aliyelala, mkiwa na bua moja, mnaoza pamoja.

Nimemchukia. Mwingereza hakosei, na hilo ndilo linalonichoma. Naona ningeweza kumsikiliza Januari, kwa ndoo mbili, akanigharimu aibu kidogo tu.

3 Mei

Antoni amepita mbele ya nyumba ya dada mara kadhaa. Anasalimia vizuri.

24 Mei

Wazee wa ukoo walikuja bondeni leo. Dada alivaa gauni la kanisani. Agnella aliomba ruhusa ya kuzungumza, wakampa, kwa kuwa ni mwalimu.

Alizungumza vizuri. Alisema mwaka huu si wa kumpima mtu, kwamba bonde zima limepoteza, kwamba hata walio na matrekta wamekosa. Wazee wawili walitikisa kichwa kukubali. Niliona mambo yanageuka. Nikaanza kupumua.

Antoni akasubiri. Akasema kwa upole, "Mwalimu, unasema hakuna aliyevuna. Kelestini, wewe umevuna?"

Kelestini alikuwa kando, kofia mkononi. Hajui kudanganya, ndiyo kasoro yake. "Kidogo, mzee. Gunia na kitu."

"Shamba lako liko wapi?"

"Hapa. Linapakana na la mama Agnella."

"Mto ni mmoja?"

"Ni mmoja, mzee, lakini ile mbegu niliipata kwa..."

"Sijakuuliza mbegu. Nimekuuliza mto."

Basi. Mbegu ya mama yetu, iliyotoka kwenye kihenge cha dada, niliyosema ni ya kuku, ndiyo iliyosimama kama shahidi dhidi yake. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, mimi ninayesema hata nisipoulizwa, na kila nilichoona cha kusema kilikuwa kinanirudia mwenyewe. Kelestini alinitazama mimi, anasubiri nimsaidie kumaliza sentensi yake. Sikuimaliza.

Mzee mkubwa akasema shamba limerudi.

Dada alisema, "Asanteni wazee," na akapiga goti kidogo, kama desturi. Goti lile ndilo nisilolisahau.

14 Juni

Nimevuna shamba langu la Kibaoni. Vizuri. Nilimpelekea dada gunia. Alilipokea, akanikaribisha chai, akaniuliza hali ya mgongo wangu. Hakuniuliza kingine. Alikuwa anazungumza na mimi kama anavyozungumza na mgeni wa parokia.

28 Juni

Dada ameondoka na treni kwenda Mlimba, kwa mwanawe mkubwa Beno, anayefanya kazi ya reli. Agnella anabaki kwenye nyumba za walimu. Stesheni nilijaribu kusimulia jambo kupoteza muda, treni ilivyochelewa. Nilianza ile ya mamba. Dada akanigusa mkono. "Niko, leo pumzika."

Kelestini alikuja anakimbia, ana kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Mbegu nyekundu, masuke mazima. "Ya mama yenu," akamwambia dada. "Nimewatengea."

Dada alikipakata. Hakusema atapanda wapi. Mlimba atakaa kwenye nyumba ya reli, ua wa saruji. Treni ilipoanza kutembea alimpungia Agnella, akampungia Kelestini, na mimi akaniinamishia kichwa.

Njiani kurudi nilimwambia Agnella, "Nifundishe vizuri, basi. Kuhusu hao wawili. Na yule wa njegere."

Akasema, "Siku nyingine, mjomba. Leo siwezi kukutazama." Akavuka barabara.

19 Julai

Antoni amekuja kwangu leo mchana. Mara ya kwanza tangu dada aolewe kwao.

Alikaa, akakohoa, akasifia paa la nyumba. Nikamwacha ahangaike. Mwisho akasema, "Shemeji, ukweli ni kwamba bondeni hakuna mbegu. Nimezunguka mpaka Kisawasawa. Walio nayo wanaificha. Nasikia wewe darini umebakiwa na magunia."

"Yapo."

"Ile ile ya msimu uliopita?"

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Nilikuwa ninajua kila kitu. Najua mpunga ule ni Shingo ya Mwali kama mwingine wowote. Najua mtoto wake hakurithi hata ndoo moja ya yale maji. Najua wote ni sawa, na mto ukitoka tena utalala wote upande mmoja, rangi ya chai.

"Ile iliyopandwa kwa dada ilikuwa bado haijakomaa kielimu," nikasema. "Hii ni nyingine. Hii ndiyo iliyookoka."

"Iliokoka mafuriko?"

"Shemeji, mafuriko yamekuja na yamepita, na hii ipo. Unataka ushahidi gani? Mpwa wangu mwalimu atakuambia, kitabu kinasema kilichookoka ndicho mbegu. Wadhaifu wameondoka wote. Kuna Mwingereza mkubwa aliandika hivyo."

Akakuna kidevu. "Mwingereza?"

"Mwenye ndevu mpaka hapa."

Nilimwambia yote niliyomwambia dada, na mengine zaidi. Nilimwonyesha shimo. Nilimpimia kimo cha mpunga kwa mkono, juu ya kichwa changu, na safari hii niliupandisha zaidi. Sauti yangu ilikuwa tamu, niliisikia mwenyewe. Dada nilimwambia hayo nikiyaamini.

Aliuliza nitataka nini. Nikasema sitaki kitu, sisi ni ndugu. Ila nilimpa sharti moja: asichanganye na mbegu nyingine yoyote. Shamba lote. Ikichanganywa inasahau.

"Sitachanganya," akasema. Macho yake yalikuwa na heshima ambayo nimeitafuta kwa watu wa ukoo wake miaka yote. Akaniita mtaalamu.

Tukalishusha gunia pamoja. Nikamsaidia kulifunga kwenye baiskeli, na kamba nikaikaza mwenyewe, nikavuta mara mbili, lisije likaanguka njiani.